Kasha la barafu la mvuvi kwa faiba na povu: namna ya kulijenga ukuta mmoja ufanye kazi nne

Samaki anaanza kuharibika dakika ile ile anapotolewa majini, na huku pwani mvuvi aliyetoka saa nane usiku akirudi saa sita mchana na changu wake kwenye ndoo iliyofunikwa gunia, akifika mnadani bei ishaanguka kabla hajafungua mdomo. Nimefanya kazi ya boti za faiba muda mrefu na hii kitu inaniuma kila nikiiona, kwa sababu dawa yake ipo na vitu vinavyohitajika vinapatikana madukani. Kwaiyo leo naeleza kasha la barafu kuanzia moldi, yaani umbo la kulijengea, mpaka siku unalitia samaki, na nitaeleza pia kwa nini kila hatua iko hivo, maana ukijua sababu hata ukikosa kifaa fulani utajua pa kubadilisha na pa kutogusa kabisa.

Kwanza jambo lenyewe. Faiba ni kompositi, yaani vitu viwili tofauti vimeshikanishwa mpaka vinafanya kazi ambayo kimoja peke yake hakiwezi. Hili sio geni kwetu, nyumba ya fito na udongo ni kompositi, fito zinazuia udongo usipasuke na udongo unazibana fito zisiyumbe. Fundi wa dari anayechovya katani kwenye POP anafanya hicho hicho. Kwenye faiba, nyuzi za kioo ndo zinabeba mvuto na rezini, yaani gundi ya maji inayoganda, inazishika zikae pamoja na kugawana mzigo.

Sasa ukichukua maganda mawili ya faiba ukaweka povu gumu katikati, unapata kitu kingine kabisa, wahandisi wanakiita sandwichi. Ukuta huo mmoja unabeba uzito, unazuia joto, hauingizi maji, na ukitupwa baharini unaelea. Linganisha na kasha la kizamani la mbao lenye bati ndani na makumbi yamesokomezwa katikati, pale kila kitu kina kazi yake moja, bati lizuie maji, makumbi yazuie joto, mbao zibebe, na siku bati likitoboka msumari makumbi yanalowa, yakilowa hayazuii joto tena, mbao zinaoza, kasha zima linakufa kwa tundu dogo kama punje ya mtama.

Ugumu wa ukuta wa sandwichi unatoka kwenye umbali kati ya maganda. Bapa likiongezwa unene mara mbili linakuwa gumu kupinda mara 8. Ila unaweza kufanya ujanja, badala ya kuongeza faiba, ligawe lile bapa vipande viwili vyembamba na katikati uweke povu lenye unene sawa na bapa la mwanzo, ugumu unapanda mara 7 hivi na uzito umeongezeka kidogo mno kwa sababu povu kilo zake ni chache sana. Ganda la juu linasukumwa, la chini linavutwa, na povu linayazuia yasisogeleane wala kuteleza. Kwaiyo roho ya kazi yote ni ule mshiko kati ya ganda na povu. Mshiko ukiachia una maganda mawili membamba yanayocheza na povu limelala tu katikati. Hili nitalirudia kila mahali humu.

Na usidhani ni mambo ya makasha peke yake. Ndege ya Boeing 787, zile Dreamliner ambazo Air Tanzania na Kenya Airways wanazo, karibu nusu ya uzito wake ni kompositi, nyingi yake ya nyuzi za kaboni. Kaboni haipitishi umeme vizuri kama aluminiamu, kwaiyo kwenye ngozi ya ndege wamelaza wavu mwembamba wa shaba ili radi ikipiga umeme usambae juu juu usichome ganda, yaani ngozi hiyo hiyo inabeba ndege na inakinga radi. Chuo Kikuu cha Chalmers kule Sweden wao wametengeneza kompositi ya nyuzi za kaboni ambayo ni betri, kipande cha mwili wa gari au ndege kinabeba mzigo na kinatunza chaji humo humo. Wazo ni lile lile la kasha letu, kila gramu unayoibeba ifanye kazi zaidi ya moja.

Turudi karakana.

Vipimo navyopendekeza kwa boti ndogo ni nje mita 1 kwa sentimita 60 kwa sentimita 60, povu la sentimita 5 kila upande. Ndani unabaki na lita 225 hivi, inatosha kilo 60 za samaki na barafu yake. Wengi wanabania unene wa povu ili nafasi ya ndani iwe kubwa, ngoja tupige hesabu kidogo. Ukuta wote wa nje una mita za mraba kama 3.1. Nje kuna nyuzi joto 30, ndani sifuri. Kwa povu zuri la sentimita 5 joto linalopenya linayeyusha barafu kilo 14 mpaka 15 kwa siku hata kama hujafungua kifuniko. Povu la sentimita 10 linaishusha kwenye kilo 7 hivi. Hapo bado samaki mwenyewe, maana kumshusha kutoka nyuzi 30 mpaka sifuri kila kilo 3 za samaki zinakula kilo 1 ya barafu. Kama unalala baharini usiku mmoja, sentimita 5 zinatosha. Kama unakwenda siku tatu nne, weka 8 au 10 na ukubali kasha kuwa kubwa nje.

Kuhusu povu, hapa ndo watu wengi wanapoangukia na mimi niliangukia hapo hapo kasha langu la kwanza. Nilinunua lile povu jeupe la vidonge vidonge, lile linalokuja na televisheni, muuzaji akaniambia linafaa, nikalikata vizuri, nikalipaka rezini ya poliesta. Ndani ya dakika chache likaanza kuzama kama sukari kwenye chai, pakabaki mashimo yenye uji wa kunata, kazi ya siku nzima ikaenda na mati zangu za nyuzi za kioo. Sababu yake ni kwamba rezini ya poliesta ina stairini ndani yake, na stairini inayeyusha povu la polistairini, jeupe na hata yale mabapa laini ya rangi yanayowekwa kwenye kuta za nyumba. Unalotaka wewe ni povu gumu la poliurethani, lile la njano njano lililomo ndani ya kuta za friji na kuta za vyumba vya baridi. Kabla hujalipa pesa omba kipande kidogo, kidondoshee rezini, subiri nusu saa. Likibaki na pembe zake nunua. Kama lililopo ni jeupe tu basi hamia epoksi, epoksi haina stairini, bei yake ndo iko juu.

Vitu vingine ni hivi. Mati ya nyuzi zilizokatwa, gramu 450 kwa mita ya mraba. Kitambaa cha kufumwa cha gramu 600 kwa ajili ya kitako. Rezini ya poliesta kilo 15 mpaka 18, ulizia inayofaa kwa vyombo vya chakula. Gelikoti, ile safu laini ya kwanza inayopakwa juu ya moldi, kilo 2. Hadina yake, yaani dawa ya kuivisha rezini, asetoni ya kuoshea, brashi za bei rahisi, rola ya meno ya kutolea hewa, mizani, sirinji, glavu, na miwani ya kuziba macho pande zote.

Hiyo miwani naomba mnisikilize. Hadina ya poliesta ni maji meupe yanayoonekana hayana neno, tone moja jichoni linaweza kukupofusha moja kwa moja. Ikitokea, maji safi yanayotiririka dakika 15 mfululizo, ndipo hospitali, usianze kukimbia hospitali kabla ya maji. Na kama rezini yako imeuzwa kobalti, ile dawa ya kuharakisha kuiva, ikiwa chupa ya pembeni, changanya kobalti kwenye rezini kwanza ikolee kabisa, baadae ndo hadina. Kobalti na hadina zisikutane zenyewe kwa zenyewe hata tone, zinalipuka. Usiziweke hata rafu moja. Mvuke wa rezini nao sio wa kuvuta, fanyia kazi kivulini penye upepo unaopita, na moto wala sigara visiwe karibu.

Moldi. Tunajenga juu ya moldi yenye umbo la ndani ya kasha, imelala kifudifudi, ili upande laini uwe ule unaogusa samaki. Tengeneza boksi la plaiwudi sentimita 90 kwa 50 kwa 50, ila kuta usizisimamishe wima kabisa, zilaze kidogo kwa ndani kuelekea juu kama ndoo iliyopinduliwa, la sivyo kasha likishaganda halitoki mpaka uvunje kitu. Pembe zote zizungushe. Mati ya kioo haipendi kona kali, inajinyanyua na kuacha mfereji wa hewa nyuma yake, na mfereji huo ndo utapasuka siku mtu akilikanyaga kasha. Chukua puti, piga msasa mpaka kidole kipite bila kukwama, kona iwe na mzunguko kama wa shingo ya chupa ya soda. Baada ya hapo paka nta ya moldi, futa, paka, futa, mara nne mpaka tano kwa moldi mpya, ukiacha kila mkono ukauke. Ukifanya uvivu kwenye nta utalipia.

Kazi ya rezini ianze asubuhi na mapema. Kipimo cha hadina ni asilimia 1 mpaka 2, kwa joto la pwani mi nakaa kwenye 1, yaani mililita 10 kwa kilo. Usishuke chini ya hapo ukidhani unajiongezea muda, rezini haitaiva kabisa, itabaki inanata na kunuka miezi. Ukitaka muda changanya kidogo kidogo, nusu kilo na mililita 5, imalize, changanya nyingine. Ukikoroga kilo 3 kwenye ndoo moja mchana itachemka yenyewe, utaona ndoo inatoa moshi na plastiki inalegea, hiyo imwage bapa kwenye mchanga nje usiiache imejikusanya.

Anza na gelikoti, unene wa nusu milimita, ipake sawasawa moldi nzima. Subiri mpaka ukiigusa inanata kidogo lakini haiji na kidole. Hapo ndo weka mati ya kwanza. Lowesha gelikoti kwa rezini kwanza, laza mati, bonyeza rezini ipande kutoka chini kwenda juu. Mati ikianza ni nyeupe kama pamba, ikilowa vizuri inageuka kama kioo cha bafuni na unaanza kuona rangi ya gelikoti chini yake. Penye weupe kuna hewa au pamekosa rezini. Pitisha rola ya meno taratibu, utasikia inatoa mlio wa kukwaruza kidogo na viputo vinakimbilia pembeni. Rezini iwe mara 2 mpaka 2 na robo ya uzito wa mati, ndo maana ya mizani, kwa sababu watu wanadhani rezini nyingi ni nguvu nyingi wakati nguvu iko kwenye kioo, rezini ikizidi inakuwa ganda la yai. Weka mati mbili hivo kwa ganda la ndani.

Mati ziwe kavu jamani. Msimu wa masika ziweke ndani ya mfuko uliofungwa, kioo kilichonyonya unyevu hakishikani na rezini hata ufanye nini.

Sasa povu. Usisubiri ganda la ndani ligande kabisa siku nzima, lifunike likiwa limeshika ila bado jipya, saa chache tu, na kama limelala usiku likwaruze kwa msasa mkali na ulifute vumbi. Povu nalo lina vumbi lake la kukata, lipulize na ulifute. Tengeneza uji mzito wa rezini na unga wa talki, paka kwenye ganda na kwenye povu pia pande zote mbili, bandika, sukuma huku unalichezesha kidogo mpaka uone uji unatoka pembeni kote. Ukitoka kote ujue hamna mfuko wa hewa. Weka matofali juu, pembeni funga kamba za mpira. Maungio kati ya bapa na bapa yajaze uji huo huo, usiache nafasi hata ya unyayo wa sisimizi, joto na maji vyote vinapita hapo.

Kesho yake zungusha kona za povu kwa msasa, laza mati tatu nje nzima, na kitakoni ongeza kitambaa cha kufumwa kwa sababu kitako ndo kitaburutwa mchangani na kwenye mbao za boti. Mati zipishane, maungio ya safu moja yasikae juu ya maungio ya safu nyingine. Mkono wa mwisho uwe topkoti yenye nta ndani yake, hewa inazuia uso wa poliesta kuiva na ile nta inapanda juu na kuufunika, bila hivo kasha litanata mikononi.

Geuza, ingiza vipande vya mbao kati ya moldi na kasha, gonga taratibu kuzunguka, likigoma mwaga maji kwenye ufa yaingie ndani yanasaidia sana. Likitoka utaona mdomo wa juu povu liko wazi. Hapo usiondoke. Chimba povu kwenda ndani kama sentimita 1, jaza uji wa rezini, funika kwa mati mbili zinazoshuka nje na ndani, hakuna sehemu ya povu inayotakiwa kuonekana na jua.

Tundu la kutolea maji linaua makasha mengi kuliko kitu chochote. Watu wanatoboa, wanachomeka bomba, wanapaka silikoni wanaenda zao, baada ya miezi sita maji yameshapenya kwenye povu, kasha limekuwa zito na barafu haikai. Fanya hivi, toboa tundu kubwa kuliko bomba kwa sentimita 2, lijaze lote uji mzito wa rezini na nyuzi zilizokatwa, ukiganda toboa tena katikati ya huo uji kwa kipimo cha bomba. Sasa bomba linapita kwenye rezini ngumu na halioni povu popote. Fanya vile vile popote utakapofunga bawaba, komeo au mshikio wa kamba, skrubu isiingie kwenye povu tupu.

Kifuniko kinajengwa kwa namna hiyo hiyo, bapa la povu lenye faiba pande zote na ulimi unaoshuka ndani ya kasha sentimita 3, pamoja na mpira wa mlango wa gari kuzunguka ukingo. Hewa baridi ni nzito inakaa chini, kwaiyo kifuniko cha juu kikikaa vizuri hupotezi nyingi, kinachokula barafu ni kufungua fungua.

Kabla hujalipeleka baharini lipime. Chukua sarafu, gonga ukuta mzima kidogo kidogo. Panaposhika vizuri mlio ni mkavu na mfupi, palipoachia unasikia kama unagonga kopo tupu. Wakaguzi wa ndege wanagonga hivi hivi kwenye sandwichi zao, ni kipimo cha kweli. Penye mlio mbaya zungushia chaki, toboa vitundu viwili vya milimita 3, sindikiza rezini kwa sirinji kwenye kimoja mpaka itokee kingine. Na ule ukingo wa faiba na povu uliobaki siku ya kazi, usiutupe, ganda likishaiva livute kwa koleo. Povu likichanika lenyewe na ganda kuondoka na nyama ya povu, mshiko ni mzuri. Ganda likitoka safi, kuna vumbi au unyevu au ulichelewa, na kasha lako lina ugonjwa huo huo, heri ulijue nchi kavu.

Liache wazi juani na upepo wiki mbili, alafu lisugue kwa maji moto na sabuni mara kadhaa mpaka harufu ya rezini iishe kabisa. Usiliharakishe, samaki anashika harufu ile na mnunuzi ataisikia.

Ukifika kwenye matumizi, tupia barafu kidogo saa moja kabla ya safari kuta zipoe. Weka barafu chini, samaki, barafu, samaki, mwisho barafu juu, kilo kwa kilo. Maji ya barafu yatoke, samaki asiogelee kwenye damu yake. Na kwa usalama, povu lililomo kwenye kuta za kasha hili lina ujazo wa lita 130 na kitu, hata ndani kukijaa maji halizami, ukiondoa uzito wa faiba bado linashikilia kilo mia moja na ushee, boti ikipinduka watu wawili watatu wanaweza kulishika huku vichwa viko juu wakisubiri msaada. Funga kamba kuzunguka nje, juu kidogo ya nusu ya kimo, yenye vitanzi vya kuingiza mkono. Kamba hiyo ni ya lazima kwangu, silitoi kasha karakana bila hiyo.

Likitobolewa na nanga au mwiba wa chuma, usilitumie hivo hivo kwa wiki. Kata faiba kuzunguka tundu mpaka ufike kwenye povu kavu, chimbua lililolowa, acha jua lifanye kazi yake siku mbili tatu, jaza kipande kipya cha povu na uji, parua faiba pembeni mteremko upana wa viganja viwili kuzunguka jeraha, kisha mati ndogo kwanza, kubwa zaidi juu yake, kubwa kabisa mwisho. Gonga tena kwa sarafu.